Karatasi ya Mazishi ya Baba

Kitale,
Jumapili.

Mama yangu mpendwa Phelista,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Kitale. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa? Sisi tu wazima, ila watoto wana mafua. Najua utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Nimekupigia mara tatu wiki hii, na kila ukiitikia naishia kuuliza habari za kuku. Mwanamke mzima, naogopa simu!

Nangila jirani alinipigia Alhamisi. Alisema umeanza kufunga mizigo urudi Lwakhakha kwa ndugu yako, kwa sababu Baba Mdogo Wamalwa amekuambia mke asiye na mtoto hana la kungoja katika boma la marehemu. Amekuonyesha karatasi ya mazishi ya baba kama ushahidi, na nakala nyingine ameipeleka kwa chifu.

Unaikumbuka karatasi hiyo. Ilisomwa kwa Kiingereza mbele ya waombolezaji, kama kawaida yetu watu wa Bungoma, hata kama marehemu mwenyewe hakukijua. Chini ya jina la mama aliyenizaa yalisomwa majina yetu watatu: mimi, Tonny na Jairus. Chini ya jina lako, mahali pa watoto, likasomwa neno moja, "none". Uliniinamia ukaniuliza lina maana gani. Nikakujibu ati Wazungu hulitumia kufunga mstari, ni kama nukta tu. Ukaitikia kwa kichwa, ukaendelea kunishikia mtoto.

Njia ya mwongo ni fupi. Wiki hii Nangila alikueleza kwamba maana yake ni hakuna, hata mmoja. Anasema hukulia. Ulimuuliza tu kama neno hilo huhesabu pia watoto wa kulea, au ni wa kuzaa peke yao.

Jibu mimi ninalo, Mama. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mama aliyenizaa alipofariki nilikuwa na miaka minne, na Jairus alikuwa bado ananyonya. Wewe ndiwe uliyenibeba mgongoni kutoka Bokoli hadi hospitali ya Lugulu, mvua inanyesha, malaria imenipanda kichwani. Sikumbuki uso wa mama mwingine.

Huko nyumbani mnamlaumu Jerop, msichana wa saiba, lile duka la kompyuta, aliyeichapa karatasi. Tonny alimtukana kwa simu mpaka akalia, nami nilikuwa nimekaa kando yake nakunywa chai. Jerop hakukosea. Neno lile nililiandika mimi, kwa kalamu yangu. Baba Mdogo alisema ukionekana una watoto hutatoka kwenye shamba, akaniahidi kile kipande cha karibu na mto. Hakunilazimisha. Nilikitaka. Nilikuwa nimeshachagua hata mahali pa kupanda vitunguu. Naona haya, Mama, mpaka kioo nakikwepa.

Barua hii nimempa Kimutai, anayeshuka huko kesho na lori la mbegu. Mimi nakuja Jumatano. Nitapitia kwa chifu kwanza, nimweleze mbele ya Baba Mdogo ni nani aliyeandika na kwa sababu gani, kisha niandikishe majina yetu watatu chini ya jina lako. Kipande cha mto sikitaki tena. Wadogo zangu nimewaambia leo. Jairus amenikatia simu.

Nakuomba usiondoke kabla sijafika. Lakini nikifika, usinifungulie mlango kwa ajili ya baba, wala kwa kuogopa maneno ya majirani. Ukiona moyo umekataa, niache nje. Nitakaa hapo hapo.

Nisalimie Nangila, na yeyote atakayeniulizia. Mungu akutunze na usiku wako uwe mwema.

Mwanao, kama bado waniruhusu kuandika hivyo,
Rispah