Radi ya Mshtarii Haina Jirani

Jumapili, msimu wa masika. Kigamboni.

Mawingu yamefunga tangu asubuhi na mvua yenyewe haijanyesha. Nimefunika kioo cha kabati kwa khanga, nimechomoa feni na chaja ya simu, na blauzi nyekundu niliyovaa kwenda kwa mama nimeivua nikaitupa chini ya kitanda. Mie huyu huyu, mwalimu wa fizikia, mwenye cheti cha chuo ukutani. Mtu akinikuta hivi atanicheka mpaka basi. Na acheke.

Leo ni siku ya arobaini na tatu tangu mdogo wangu Idi apigwe na radi kule Kimbiji.

Nimerudi kutoka huko saa tisa hii na siwezi kukaa, siwezi kulala. Kwa hiyo naandika. Humu kwenye blogu yangu siku zote nimekuwa naandikaga habari za wanafunzi wangu na mapishi, na wasomaji wangu wenyewe hawajai kwenye kiganja. Leo nina jambo la kusema na nikilichelewesha sitalisema tena.

Nianze na Ijumaa. Kidato cha pili tulikuwa kwenye umeme tuli. Zawadi, binti anayekaa dawati la mbele, akanyoosha mkono akauliza kama ni kweli sayari ya Mshtarii nayo ina radi, maana kaona video kwenye simu ya kaka yake. Jamani, nilifurahi! Nikasahau hata kwamba somo tunafundisha kwa Kiingereza, nikamwaga Kiswahili mwanzo mwisho.

Nikawaambia ni kweli, na za huko si za mchezo. Mshtarii yote ni gesi na mawingu, ukianguka hutui popote. Kuna dhoruba moja, lile doa jekundu, pana kuliko dunia yetu nzima, na watu wameitazama kwa darubini kizazi baada ya kizazi haijakoma. Huku kwetu radi zinapenda joto la ikweta, kule zimejaa zaidi upande wa ncha za sayari. Na juu kabisa, kwenye baridi ambako maji peke yake yangekuwa barafu tupu, amonia inayalainisha, yanakuwa uji wa barafu, mapande yanagongana na cheche zinaruka. Yale mapande yanaporomoka chini kwenye joto mpaka yayeyuke. Hayamgongi mtu, hayavunji bati la mtu.

Kisha Zawadi akauliza tena, na wallahi hakuuliza kwa utani.

"Madamu, sasa kule radi inatumwa na nani?"

Wachache wakacheka, halafu wakanyamaza wote mara moja, kwa sababu shule nzima inajua habari za Idi. Nikamjibu kwamba kule hakuna anayetumwa wala anayetuma. Hakuna jirani. Nikaomba udhuru, nikaenda kusimama nyuma ya maabara mpaka kengele ikalia.

Sasa niseme lenyewe.

Idi alikuwa mkwezi. Kazi yake kupanda minazi ya watu na kuangua nazi, na kwa kasi hakuwa na mpinzani kule kwetu. Jumapili ile shoga yangu alikuwa anatolewa mahari, na mie nilijitia kimbelembele kwamba wali wa nazi ni juu yangu. Nikampigia Idi saa nane mchana, nataka nazi ishirini, nampitia saa kumi. Akaniambia, "Sista, huku mawingu yamefunga kinoma, kunanguruma. Tusubiri."

Nikamwambia mvua yenyewe bado, panda chapchap ushuke. Nikamtania kwamba siku hizi amekuwa mwoga kama bibi harusi. Akacheka, akakata simu.

Radi haisubiri mvua. Hilo naliandika ubaoni kila mwaka, na napigia mstari. Mnazi mrefu, uwanja mtupu, mtu kileleni ameshika panga. Mtoto wa kidato cha pili angeniambia jibu.

Hiyo ndiyo siri yangu, na ingekuwa imeishia hapo ningeibeba peke yangu mpaka kaburini. Haikuishia hapo.

Wiki moja kabla, mbuzi wa Idi walikula mihogo ya Bi Tatu, jirani yetu, mjane aliyenifundisha kusuka ukili nikiwa mdogo. Bi Tatu alikuja juu kwelikweli. Alisimama kwenye uwanja wetu akamwambia Idi atakiona kilichomtoa kanga manyoya. Nani hajawahi kuambiwa hivyo? Mie mwenyewe nawaambia wanafunzi wangu kila wiki. Lakini Idi alipokufa kwa namna ile, maneno ya Bi Tatu yakaokotwa moja moja. Radi ya kutumwa, watu wakasema.

Baada ya matanga ukoo ukakaa kikao uani kwa mama. Baba mdogo, ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, akanigeukia mbele ya wote.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Radi inaweza kutokea tu yenyewe ikamchagua Idi?"

Jibu nilikuwa nalo kamili. Lakini ningesema radi inafuata kilicho kirefu, swali la pili lingekuwa nani aliyempandisha mtu mnazini kunanguruma. Nililiona linakuja. Nikainama nikasema, "Mambo ya Mungu hayo baba, mie sijui."

Msomi akisema hajui, wengine wafanyeje? Kesho yake vijana wa ukoo waling'oa mihogo ya Bi Tatu yote, wakabomoa mlango wake. Mama wa watu akatoka na furushi moja kichwani, na ndoo. Alipita mbele yetu. Nikajifanya nachokonoa moto. Sasa yuko Mtoni kwa binti yake, analala sebuleni, na huko nako maneno yameshamfuata. Nasikia wapangaji wenzao hawataki achote maji kwenye bomba lao.

Leo nilikwenda kumwambia mama. Nilishindwa siku arobaini na mbili, leo nikasema potelea mbali. Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo. Nikakaa mkekani nikamweleza yote, simu, nazi, mzaha wangu. Nililia mpaka nikakohoa.

Mama hakuinua uso. Aliendelea kutoa chuya.

"Najua," akasema. "Aliniaga. Aliniambia namwangulia dada nazi."

Nikamuuliza kwa nini basi alikaa kikaoni akanyamaza, kwa nini alimwacha Bi Tatu aondoke.

"Wangekutoa wewe," mama akasema. "Mie nimezika mmoja. Wa pili nimpeleke wapi? Mwenzangu ana binti Mtoni wa kumpokea. Wewe una nani?"

Akaniambia nikae, chakula karibu. Akaniambia pia, kwa sauti ile ile, kwamba nikilitoa hili nje baba mdogo atauliza mama alijua tangu lini, na yeye hawezi kumdanganya shemeji yake mara mbili. Kwa hiyo niangalie mwenyewe.

Nimeangalia. Mama yangu alimtoa mwenzie nyumbani kwake ili mie nibaki, na walikuwa wanaazimana chumvi tangu kabla sijazaliwa. Ananipenda kiasi hicho. Sikujua kwamba mtu anaweza kuchukia kupendwa, na leo nimechukia, Mungu anisamehe.

Sikula. Nilivaa viatu nikaondoka bila kumuaga.

Kesho nikimaliza kipindi cha mwisho naenda Mtoni. Nitamweleza Bi Tatu mbele ya binti yake, kisha nitampigia baba mdogo nikiwa nimekaa hapo hapo sebuleni, asikie kwa masikio yake. Yatakayompata mama nitayabeba naye, akitaka kubebewa. Naogopa.

Nitamwamkia kwanza. Shikamoo, Bi Tatu. Akikataa kuitikia marahaba, nitasimama mlangoni mpaka aniulize nimefuata nini.

Na nitamjibu.