Aliyeangukia Mazoezini

Jumatatu, 3 Machi
Chama cha ngumi kimepitisha kanuni yangu! Miaka minne nimeimba hilo hilo mpaka wakanibandika jina la Bwana Taratibu. Sasa basi: bondia akiangushwa, hata mazoezini, hapandi ulingoni siku thelathini, ubongo upumzike. Kocha ndiye anayejaza fomu na kutia sahihi. Mwenyekiti kasema labda sasa nitanyamaza. Nimerudi nyumbani kwa miguu, kifua mbele.

Alhamisi, 6 Machi
Ameanguka. Binti wa dada yangu — na pambano lake la ubingwa ni Jumamosi ya wiki ijayo! Raundi ya pili ya mazoezi, ngumi ya kushoto, wala haikuwa kubwa. Kofia ya kinga alivaa. Alikaa chini sekunde tatu, nne, akicheka. Nikamuuliza maswali yangu ya siku zote: leo siku gani, tuko wapi, raundi ya ngapi. Akajibu yote sawasawa. Tulikuwa sisi na mwenzake wa mazoezi tu. Huyo aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu.
Sijaandika kitu. Kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Leo pia sijaandika. Mkuki kwa nguruwe! Angekuwa bondia wa kocha mwingine, ningedai fomu jana ile ile.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwambia tuahirishe. Alikuwa anafua bandeji za mikono kwenye beseni, hakuinua kichwa. Akasema miaka sita anaingoja nafasi hii, ikimpita hakuna atakayemwita tena. Halafu:
"Ukiijaza fomu, Mjomba, nahamia kwa yule kocha wa ng'ambo ya barabara. Yeye hajazi."
Kweli hajazi. Wala hajawahi kurusha taulo kusimamisha pambano — bondia wake hupigwa mpaka kengele ilie. Kwangu angalau kuna jicho. Au najidanganya? Nikijaza, anakwenda kwa yule. Nisipojaza, mimi ndiye niliyempandisha. Kitanzi nimekisuka mwenyewe na shingo nimeitia mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi
Dada kapita kutusalimu. Hajui. Akasema analala usingizi kwa sababu bintiye yuko mikononi mwangu, si kwa mtu baki. Nikaitikia tu. Mchelea mwana kulia hulia yeye — na huyu hata sikumzaa.

Ijumaa, 14 Machi
Siku ya kupima uzito. Daktari wa chama kammulika macho kwa tochi, kasema safi. Kisha fomu ikaja kwangu. Je, ameangushwa katika siku thelathini zilizopita? Nimetia alama kwenye "Hapana". Karani hakuisoma hata. Akanitania: za kwako, Bwana Taratibu, tunagonga muhuri macho yamefumbwa.
Najichukia.

Jumamosi, 15 Machi, saa tisa alasiri
Naandika nimesimama, kwenye korido nje ya chumba chake. Nilikuwa namfunga bandeji. Mkono wa kulia umekwisha. Nikamuuliza yale maswali, kwa mazoea tu. Akayajibu kabla sijamaliza kuuliza, huku anapiga miayo. Amekariri! Miaka sita namuuliza yale yale.
Nikabadili. Mama yako alikuambia nini asubuhi?
Akanitazama, kisha akatabasamu.
"Mama? Mbona sijamwona tangu juzi, Mjomba."
Dada kamsuka nywele leo leo, saa nzima, wakicheka. Mimi ndiye niliyewashikia kioo.
Nikamwambia nafuata plasta. Plasta ninayo mfukoni.
Mwita mabondia amepita: dakika kumi. Daktari yuko mlango wa tatu, namwona, anakunywa maji. Nikiingia kwake namtaja binti na kujitaja mwenyewe: ile alama, mkono wangu. Na dada nitamwambia nini? Miguu haiendi mbele wala nyuma. Anaita huko ndani — Mjomba, huu wa kushoto je —