Laptop ya Baba Mkwe Inaninyima Sauti

Mpendwa Bi. Mwantumu, nisaidie kabla sijaitupa laptop ya watu shimoni. Mimi ni mzaliwa wa Kilolo, nimeolewa Mbalizi kwa Wanyakyusa, na huku mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe wala hasemi naye, nikimsikia anakohoa uani napitia mlango wa nyuma, na hilo nimeshalizoea, shida ni kwamba baba mkwe ni fundi kompyuta mstaafu na ndiye aliyenipa laptop yake ya zamani yenye mfumo wa Unix nisomee, humo nimeandika programu ya kupanga zamu za maji kwa wakulima wa mpunga wa Madibira, ndiyo mradi wangu wa mwisho chuoni, na lazima niutetee kwa mtandao, niongee huku walimu wanaiona programu ikifanya kazi, sasa nikiwasha sauti mtandao unakufa, mtandao ukirudi sauti inakwama, mara mbili walimu wamesikia "Naitwa Fau" basi, na Ijumaa ijayo ndiyo mara ya mwisho, nikishindwa narudia mwaka mzima. Mashine ikiwaka inaonyesha kadi ya sauti na kadi ya mtandao zote ziko IRQ 11, nimetaka kubadilisha kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine, inadai neno la siri la baba mkwe! Nimemtuma mama mkwe mara nne, kila mara anarudi na jibu: "Anasema zima, washa tena." Mume wangu Gwakisa anasema hawezi kumsumbua mzee kwa mambo ya wanawake. Nimechoka, mama.

Faustina, Mbalizi

Faustina, pole, lakini umeniudhi. Una akili ya kuandika programu, ukashindwa kuandika kikaratasi? Desturi imekukataza kumsemesha mzee, haijakukataza kalamu. Unamtuma mama mkwe, ambaye kompyuta anaijua kwa kuifuta vumbi, abebe habari za IRQ! Kilichomfikia mzee ni kwamba mashine inagoma, akajibu kama fundi yeyote. Na wewe Gwakisa, mambo ya wanawake ndiyo yapi hayo? Kusema na baba yako kwa niaba ya mkeo ni kazi yako.

Nimemuuliza fundi Anwari wa Iringa mjini. IRQ ni namba ambayo kifaa hutumia kuiita prosesa, ubongo wa kompyuta, ikihudumie. Vifaa vya kizamani vikigongana kwenye namba moja, ni kama wakulima wako wawili kufungulia maji ya mfereji mmoja saa ileile. Hakuna anayepata.

Sasa sikia. Siku tatu kabla ya barua yako nilipokea nyingine kutoka hapohapo Mbalizi. Mzee Yotamu, fundi mstaafu, anasema sasa amekumbuka kwamba zamani aliifunga kadi ya sauti kwenye namba 11 kwa mkono wake, akasahau kuirudisha, na mkwewe anateseka. "Kumwita siwezi," ameandika, "na mwanangu nikimwambia anasema ndiyo baba, halafu anakwenda kuangalia mpira." Ua mmoja, barua mbili kwangu! Neno la siri ameniruhusu nilichape: ni jina lako, herufi ndogo zote. Aliliweka siku aliyokupa mashine.

Basi fanya leo, usingoje Alhamisi. Chomoa kadi ya mtandao, ingia BIOS, zima modemu ya simu usiyoitumia, ambayo mzee anasema ndiyo imeshika namba 5, ili namba hiyo ibaki wazi, kadi ya sauti uihamishie hapo. Hifadhi, zima kabisa, rudisha kadi ya mtandao, washa. Ukiona namba zimeachana, ongea kwa mtandao na mwenzako wa chuo saa nzima bila kukata. Kisha badilisha neno la siri, maana sasa analijua kila mnunuzi wa gazeti hili.

Na Ijumaa ukianza kutetea, acha dirisha wazi. Mzee ameniuliza kama kukaa uani akakusikiliza ni kuvunja desturi. Nimemjibu abebe kiti.