Vijiti vya Kinamasi

Jumatatu, 4 Machi
Tumefika kwa mama mkwe. Nyumba yake ndiyo ya mwisho. Mbele ni kinamasi tu, halafu ufuko, halafu bahari. Mume wangu ametumwa kuchora ramani ya eneo lote. Mimi nimejileta, msaidizi asiye na mshahara. Mama anamwita mwanawe Bwana Vijiti. Kila penye udongo mgumu anachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu — ukivifuata, unavuka salama. Njia inazunguka mbali kuukwepa mkondo wa maji unaokata kinamasi katikati. Maji yakipwa huudhanii kabisa, unaona tope laini tu. Mume anasema hapo hata mbuzi hatoki.

Jumanne, 5 Machi
Nimezama mpaka goti. Kisa: kutoka kwenye vijiti nipige picha ndege. Kifundo kimevimba, kiatu hakiingii. Mume kanibeba mgongoni, njia nzima analalamika nimenenepa. Mama kacheka mpaka kakaa chini.

Alhamisi, 7 Machi
Dirishani kutwa. Nimechoka kukaa. Muuza samaki kapita jikoni, kamnong'oneza mama: nyumba zilizo karibu na vitambaa vyekundu zitabomolewa. Nikamwambia mama sivyo, ni alama za njia tu. Akasema sawa, mwanangu. Ile sawa yake ya kumaliza maneno.

Ijumaa, 8 Machi
Mume alivuka asubuhi, anamalizia ufuko wa mbali. Alasiri ukungu umeshuka, sioni hata kamba ya nguo. Na maji yameanza kujaa. Nikamuuliza mama, hivi vile vijiti ataviona kweli? Akaenda nyuma ya jiko, akarudi amevikumbatia. Vyote. Kaving'oa mchana, nyumba isibomolewe. Nyumba hii kaijenga babake mwanangu, anasema, nami nilidhani mwanangu angenielewa. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa.

Ameshuka navyo matopeni kuvirudisha. Namsikia anajiuliza, hapa au pale. Hakumbuki. Mashimo yameshazibwa na tope.

Simu ya mume iko humu ndani, kwenye chaji. Nimempigia muuza samaki. Mashua yeye na wenzake wanayo, lakini maji bado hayajatosha iweze kuelea. Yakitosha mashua, mtu je?

Nimejikokota mpaka mlangoni na sufuria, nikagonga kwa mwiko ili mume ajue nyumba iko wapi. Amenisikia! Filimbi yake, ileile ya kuniitia sokoni. Nikagonga kwa nguvu zote. Filimbi ikaanza kukaribia — haraka, imenyooka, haizunguki popote. Ndipo nikaelewa. Kati yetu, kwa njia iliyonyooka, kuna mkondo.

Nimeacha kugonga. Nimepiga kelele azunguke, sauti haifiki. Nisipogonga, atapotea huko na maji yanamfuata nyuma. Nikigonga, namwita mkondoni.

Nimeshika kalamu kwa sababu nikiushika mwiko nitagonga tu. Mama simsikii tena huko chini.

Anapiga filimbi tena. Ananiuliza niko wapi.