Hatua za Baba

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Evance kapiga simu kutoka Bunda. Mpima ardhi anakuja kijijini kwetu Buswahili wiki ijayo, na baba mdogo Nathanieli anataka mpaka wetu na wake ujulikane kabla hajafika. Nikamuuliza kaka, si apime huyo huyo na mita zake? Akacheka. Mpima anapima mnachomwonyesha, hawachagulii ninyi mpaka.

Mawe ya mpaka yaling'olewa na trekta zamani. Kilichobaki ni neno la babu: kutoka kwenye mkonge, hatua arobaini za Keraryo. Za Keraryo! Si mita, si futi. Miguu ya baba yetu. Na baba tangu apate kiharusi hasimami, na maneno hayatoki.

Kaburi la mama liko huko huko mpakani.

Jumatano, 12 Novemba

Baba mdogo anasema hatua ni hatua, atapima yeye. Mtu mfupi yule! Kwa hatua zake mama anabaki upande wake, na upande huo keshaupatia mnunuzi. Watalima juu ya mama? Leo sokoni, mezani kwangu pa samaki, aliyeomba sato nimemfungia sangara.

Alhamisi, 13 Novemba

Mwenyekiti wa kitongoji kaamua: apime mtoto mwenye mwendo wa Keraryo. Evance alichukua miguu ya mama. Wote wakanitaja mimi. Tangu utoto nataniwa — "Rhobi anatembeaga kama baba'ke, utadhani anafukuza ng'ombe." Nilikuwa naona aibu. Sasa ndiyo hati yetu ya shamba.

Nimefanya mazoezi uani kwangu, hapa Nyasho mjini. Jirani yangu Judith akachungulia, akauliza nimeangusha nini. Hatua haitulii! Nikifikiria kaburi inarefuka yenyewe. Nikijishtukia inafupika. Mbona juzi nilikuwa natembea tu?

Ijumaa, 14 Novemba

Nimefika Buswahili. Baba kaniona, machozi yakamtoka jicho moja.

Baba mdogo kaja na sharti jipya. Mwanamke hapimi mpaka wa ukoo na suruali. Avae kitenge, kishuke hadi kifundo cha mguu. Shangazi Dorotea kamuunga mkono, eti ndiyo heshima. Heshima gani inayofunga miguu? Yule mzee anajua anachofanya. Namchukia, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 15 Novemba

Evance alimsukuma baba kwa kiti chake cha magurudumu hadi ukingoni mwa shamba, blanketi mapajani. Mwenyekiti akawa anahesabu kwa sauti. Hatua ya kwanza — kitenge kikanibana miguu. Ya pili vilevile. Baba mdogo nyuma yangu: "Usirukeruke, mama. Tembea kawaida." Kawaida ipi?

"Thelathini na mbili!" Hapo mvua ikashuka, ya mawe. Mwenyekiti akakita kigingi nilipofikia, akasema tumalizie kesho baada ya ibada. Zimebaki nane. Niliangalia kutoka kigingini. Kwa hatua hizi za kitenge sifiki, mama anabaki nje kidogo tu. Kwa mwendo wangu wenyewe namfikia na kumpita.

Halafu baba. Watu wanakimbilia nyumbani, yeye kwa ule mkono wake mzima analivuta blanketi juu, juu ya magoti. Evance akamfunika. Akalivuta tena, macho kwangu. "Anasikia joto," kaka akasema. Joto, kwenye mvua ya mawe?

Alikuwa ananiambia nipandishe kitenge. Naapa! Au ni mimi ninayetaka kuona hivyo? Baba hakuwahi kuiba hata shina la muhogo la mtu. Na nikipandisha, shangazi atapiga yowe, baba mdogo atasema kipimo kimeharibika, apime yeye.

Kitenge kimelowa. Nimekianika jikoni juu ya moto, kinanuka moshi.

Jumapili, 16 Novemba

Ibada imekwisha. Sikusikia hata neno moja la mahubiri. Naandika chumbani harakaharaka, wote wapo shambani tayari. Kitenge kimekauka, kigumu kama turubai.

Dirishani namwona baba. Blanketi liko chini kwenye tope. Magoti yake yako wazi, membamba, kwenye baridi hii, na kila Evance akitaka kumfunika anamsukuma mkono.

Mwenyekiti ananiita. "Rhobi! Thelathini na tatu!"

Kalamu mkono mmoja. Mkono mwingine umeshika pindo la kitenge —