Gauni la Kuruka Baharini

Jumatatu, 3 Machi 1913. Malindi
Nimetia mafuta cherehani, nimeanza mkono wa pili wa gauni la harusi walilioniagiza Wazungu. Hariri inateleza. Sindano imenichoma mara mbili. Hawa Wazungu wa picha za sinema wana wiki ya tatu mjini, na kisa chao nimekielewa leo kwa kuwatazama: bi harusi anatoroka harusini kwa chombo, wanaume wawili wanamfuata baharini, na kila mmoja anaanguka majini kabla hajamfikia. Watu walijaa ufukweni wakicheka. Nami nilicheka.

Jumatano, 5 Machi
Bibi anayecheza bi harusi hajui kuogelea. Akiona wimbi anatapika. Kwa hiyo siku ya bi harusi kuruka baharini, gauni atalivaa mwanamume, uso umefichwa kwa shela. Baharia wa kwanza aliyeambiwa alikataa, akaondoka bila kuaga. Wa pili ni ndugu yangu Shee. Hakuambiwa, alijitolea. Mji mzima umeshajua. Ana miaka ishirini na kiuno chembamba, na tangu mama yetu afariki nimemlea mimi. Nimempima leo. Hakutulia hata kidogo, anatembea kwa madaha kama bi harusi. Nilicheka hadi pini zikanitoka mdomoni.

Alhamisi, 6 Machi
Bwana mkubwa wa picha anajua Kiswahili cha amri tu. Ameniletea chubwi za risasi, zile wanazofunga kwenye nyavu ili zizame. Nizishone ndani ya pindo, pande zote, gauni lisifunuke hewani na miguu ya mwanamume ikaonekana. Mfuko mzima. Nimeunyanyua kwa mikono miwili.

Nikauweka kando ya cherehani.

Ijumaa, 7 Machi
Chubwi nimezipigia bandi tu, mishono mirefu ya kushikiza, kwa uzi mwembamba. Makusudi. Zikilowa zitaachia. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Bwana alilivuta pindo kwa nguvu. Chubwi tatu zikadondoka sakafuni. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali anifokee. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu mpaka nilipomaliza kushona upya, mshono wa kurudia, kwa uzi wa kushonea matanga. Ningeweza kusimama nikatoka. Sikusimama.

Alasiri Shee akaniuliza kama gauni ni zito.

"Zito kidogo tu," nikamwambia.

Sijui kwa nini nilisema vile. Hapana, najua. Niliona haya, maana nimelishona mimi.

Jumatatu, 10 Machi. Kilifi
Wametuleta huku kwa chombo chao. Bwana anapenda hapa chini ya Mnarani, kwa kuwa maji yana kina karibu na ukingo na mashine ya picha itasimama nchi kavu. Maji ni meusi. Kahindi, Mgiriama anayepiga kasia kwenye mashua ya kuokotea watu, aliteremsha jiwe kwa kamba apime kina. Kamba ikaisha mikononi mwake, jiwe halijagusa chini.

Baadaye alinisaidia kubeba gauni. Akasimama njiani, akaniuliza humu ndani mna nini. Nikamweleza yote. Yeye ndiye wa kwanza kuusikia ukweli huu, na si ndugu yangu. Alinitazama, akaniambia nimwambie Shee kesho kabla ya jua kupanda. Kisha akaenda kunoa kisu chake.

Jumanne, 11 Machi
Nilichelewa. Nilipofika pwani walikuwa wameshampandisha chomboni, wameshamvika. Nikamwita kutoka ukingoni, nikamwambia avue. Alidhani namtania. Akanipungia mkono kwa madaha.

Akaruka. Gauni halikufunuka. Watu wakapiga makofi.

Shela ikaelea juu ya maji peke yake. Hakuna kilichoifuata. Makofi yakaisha. Mwenye mashine akawa anazungusha mpini wake vilevile, taratibu. Nikalilia jina la Shee kwa sauti. Bwana akaniashiria ninyamaze. Sikunyamaza.

Kahindi alikuwa ameshapiga mbizi, kisu mkononi. Mashua ikabaki inayumba, tupu. Nilisoma dua ikakatika katikati, nikaanza upya, ikakatika tena.

Wakaibuka wote wawili. Shee kifua wazi, rangi ya majivu, damu puani na sikioni. Gauni limebaki chini. Anapumua. Alhamdulillahi.

Naiweka kalamu. Basi.

Ijumaa, 14 Machi
Wazungu wameondoka na masanduku yao. Yule Bibi pekee ndiye aliyekuja kumtazama mgonjwa, akalia, akaenda zake. Kahindi amesikia kwamba Bwana amefurahi sana. Hata kile kisu kimeingia kwenye picha. Huko kwao watu watacheka.

Namchukia Bwana. Nami najichukia.

Sikio la kulia la Shee halisikii.

Jumatano, 19 Machi. Malindi
Mvua ndogo. Nimepika uji, amekunywa wote. Tumekaa mkekani, mimi kuliani kwake. Kisha akauliza bila kunitazama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hakusikia. Nikalazimika kulisema mara ya pili, kwa sauti.

Akautazama ukuta. Nilidhani atatoka. Akanyanyuka polepole, akanizunguka, akakaa upande wangu wa pili, sikio lake zima likiwa kwangu. Akaniambia nimsimulie tangu mwanzo.

Nimemsimulia.