Rekodi ya Bibi na Kilima cha Mawe Meupe

Mpendwa Shangazi Ceiteag, naomba msaada, na kabla hujavaa miwani yako nikwambie kwamba mimi si mtu wa kuombaomba, waulize kule baharini kwenye vizimba vya kufugia samaki wa samoni nilikofanya kazi miaka minne baada ya kuacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, watakwambia hakuna aliyenishinda kuvuta wavu wala kutukana upepo, lakini safari hii nimekwama na sina wa kumwambia ila wewe, maana hunijui na mimi sikujui, na kila Alhamisi bibi yangu husoma majibu yako gazetini akasema, "Huyu mama ana ulimi, lakini ana akili."

Sasa niko mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma akiolojia pamoja na Kigaeli, lugha yetu ya visiwani, na mila zetu, na usicheke, kwa sababu Murchadh, rafiki yangu wa vizimbani, alicheka mpaka akaangusha ndoo ya chakula cha samaki baharini. Akasema, "Yaani watakupa cheti kwa kuongea kama bibi yako na kufukua kama mbwa wako?" Nikamjibu, "Wewe endelea kunuka tu, siku moja nitakuchimbua nikubandike lebo." Tangu siku hiyo kijiji kizima wananiita Profesa. Wanatania, lakini mimi nimelipenda.

Na kusema kweli, Shangazi, chuoni nilikuwa moto. Wenzangu wamejifunza Kigaeli vitabuni, wanakitamka kama wanatafuna kitu ambacho hawana hakika kama ni chakula, mimi nimekinyonya jikoni kwa bibi aliyenilea, kwake Kiingereza ni cha daktari na mtu wa bima, kikiingia ndani kinaachwa mlangoni pamoja na mabuti. Mwaka huu tukapewa kazi moja ya masomo yote mawili, umrekodi mzee wa kwenu akieleza habari za mahali fulani, halafu uende na ramani na futi uone ardhi nayo inasema nini, nikajisemea hapa nimeshapita, wengine mshindanie nafasi ya pili.

Kwetu kuna kilima kidogo juu ya ufuo, nje ya ukuta wa makaburi, kimejaa mawe meupe ya mviringo. Tangu nina miaka minne, kila tukipita bibi huokota jiwe jeupe ufuoni akanipa, "Kaliweke pale, hazina yangu," nami naliweka, sikuwahi kuuliza, nilidhani ni mchezo wetu. Basi mchana mmoja wa mwezi wa kumi, anamenya viazi, nikaweka simu mezani nikamuuliza yale mawe ni ya nini. Kiazi kikazunguka mkononi mwake mpaka kikabaki kidogo kama yai. Akasema, "Zima hicho kidude."

Nikasema, "Nimeshakizima, bibi."

Sikukizima, Shangazi. Nilikilaza kifudifudi kando ya siagi.

Akanieleza. Zamani mtoto aliyezaliwa amekufa hakubatizwa, na asiyebatizwa padri hakumruhusu ndani ya ukuta, kwa hiyo waliwekwa kilimani, na kila jiwe jeupe ni mmoja au ni mtu aliyemkumbuka mmoja. Na mmoja ni wa kwake. Alimzaa mwaka wa sitini na mbili, kabla ya mama yangu, mtoto wa kiume, na babu alimbeba ndani ya sanduku la majani ya chai, Jumapili asubuhi watu wote wakiwa kwenye misa ili asionekane, na bibi alibaki kitandani akisikia kengele. Wakamwambia asimpe jina. Akampa, moyoni, na hakumtamkia mtu, hata babu amekufa bila kulijua. Pale mezani akalitamka, ni (jina nimelifuta — Ceiteag), mara ya kwanza kwa mdomo, miaka sitini na kitu, kisha akasema, "Sasa tuko wawili tunaojua," akarudi kwenye viazi.

Nami, Profesa, nikaenda kuicheza rekodi mbele ya darasa la watu thelathini na wanane. Walilia, Shangazi. Hata yule jamaa wa Glasgow ambaye huwa analala. Mwalimu wetu wa akiolojia, Dakta Rosalind, alisema hajasikia kitu kama kile, nikapata alama ya juu kuliko wote, nikanunua kofia ya kujipongeza. Na fomu ya ridhaa ambayo mzee anatakiwa kutia sahihi, nilitia mimi, nikaiga mkono wake, nikajidanganya kwamba imeandikwa Kigaeli na bibi hasomi Kigaeli, shuleni kwao walichapwa wakikisema, kwa hiyo kama namsaidia.

Mwezi wa kwanza dhoruba ikaja ikamega nusu ya kilima, vikaonekana vifupa vyembamba kama vijiti vya kiberiti. Dakta Rosalind akaomba kibali akapata, mwezi wa tano wanachimba, na mimi niwe msaidizi wake mkuu, jina langu kwenye ripoti. Nikatamba mpaka baa. Murchadh akauliza, "Bibi yako anasemaje?" Nikamwambia, "Bibi atafurahi." Akanitazama akasema, "Profesa, hata samaki sisi tunawaua haraka."

Jumapili mbili zilizopita Dakta akaja nyumbani bila kuniambia, na maua, na Kigaeli chake cha kitabuni, akamshika bibi mkono akasema, "Asante sana, mama, kwa kutupa habari za mwanao," akalitaja na jina, (jina nimelifuta — C.). Bibi akamimina chai mpaka ukingoni, hata tone halikumwagika. Akasema, "Karibu, mwanangu, kuna vimkate vya skoni." Wakazungumza habari za hali ya hewa. Mgeni alipoondoka, bibi akafunga mlango, akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza, "Je, utaongeza chai?"

Hajanisemesha Kigaeli tangu siku hiyo. Ana miaka themanini na minne, Kiingereza chake ni cha kwenda kliniki, anatafuta neno "uma" mpaka chakula kinapoa, lakini halegezi. Nikimwambia kwa Kigaeli "bibi, nisamehe," ananijibu kwa Kiingereza "mvua inakuja." Haniiti hazina yangu, ananiita jina langu la kwenye cheti cha kuzaliwa. Hagombi wala halii. Anapiga pasi shati langu kama shati la mpangaji.

Sasa nifanyeje? Nikisema kweli kuhusu ile fomu nafukuzwa chuo, narudi vizimbani, kofia kichwani. Nikinyamaza, mwezi wa tano mwiko wa kuchimbia unaingia. Na hata wasipochimba, bahari itamaliza kile kilima kwa dhoruba mbili tatu, nimepima mwenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kusema afadhali sisi kuliko mawimbi, si ndiyo? Niambie kama nina haki hata kidogo. Kidogo tu.

Ni mimi,
Profesa wa Vizimbani

*

Profesa,

Huna. Hata hicho kidogo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nililia, ya tatu nilihesabu: umeandika "mimi" mara nyingi sana na "yeye alitaka nini" hata mara moja. Umepima kilima kwa futi, umepima bahari, hukumpima mama aliyekaa na neno moja kifuani miaka sitini na kitu akakukabidhi wewe juu ya maganda ya viazi. Alikuomba kitu kimoja tu, na kilikuwa cha kubonyeza kwa kidole gumba.

Usinitafutie visingizio vya bahari. Bahari haikumwambia "nimeshakizima, bibi."

Pole, hata hivyo. Nasema pole na sikutanii. Mjinga hasa asingeandika, angekuwa baa anatamba. Wewe unajua ulichokivunja, ndiyo maana Kiingereza cha bibi yako kinakuchoma kuliko matusi. Unadhani anakuadhibu? Sikiliza, mwanangu. Katika nyumba ile Kigaeli kilikuwa ndicho chumba cha ndani. Aliingiza mtu mmoja, mtu huyo akaacha mlango wazi, watu thelathini na wanane wakaingia na viatu vyao. Sasa bibi amehamia barazani kwa sababu ndani hapana tena pa kukaa.

Nilikuwa mkunga visiwani humu miaka thelathini na mmoja. Nayajua mawe meupe. Nilishawahi kushika mkono wa mwanamke wakati mumewe anatafuta sanduku. Zaidi ya hapo sitakwambia kitu, wala mwingine yeyote, na hiyo ndiyo tofauti kati yako na mimi. Haihitaji shahada.

Sasa simama.

Kesho asubuhi, kabla hujanywa chai, nenda kwa Dakta Rosalind ukamwambie sahihi ni yako. Usimwandikie, nenda na miguu yako. Mwanamke huyo alikuja na maua kwa nia njema na wewe ukamfanya mwizi bila yeye kujua. Rekodi iliyoibwa haitumiki, na kibali kilichoombwa kutokana nayo kitabidi kisimame. Wakikufukuza, wamekufukuza. Samoni hawajahama. Wakikubakiza, utabaki bila ile alama, na hiyo kofia mpe Murchadh, ndiye mwenye akili kati yenu.

Kisha ifute rekodi. Kwenye simu, kwenye kompyuta, na kila ulikoituma. Wale thelathini na wanane waendee mmoja mmoja uwaombe wasilitamke lile jina. Utaona haya. Vizuri.

Ukimaliza hayo, na si kabla, kaa jikoni na bibi. Sema Kigaeli, hata akujibu Kiingereza mwaka mzima. Usiombe msamaha tena, umeshauomba na anausikia. Muulize lile ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, si padri, si babu yako, si wewe: anataka mwanawe awe wapi? Akisema mwacheni, bahari imchukue, mtamwacha, na siku ya dhoruba utakaa naye dirishani. Akisema ahamishiwe ndani ya ukuta kando ya babu yako, nenda kwa padri wa sasa, hawa wa leo wana masikio, na uchimbaji wowote uwe kwa neno la bibi, na la kila mama mwingine aliye hai mwenye jiwe pale. Hapo ndipo elimu yako itakuwa na kazi. Utapiga magoti na mwiko wako, utafanya polepole kama ulivyofundishwa, na hutaandika ripoti.

Na acha kujiita Profesa.

Jambo la mwisho. Umeniandikia jina la mtoto mara mbili, mimi, mtu baki, wa gazetini. Nimelifuta mara mbili. Hata ulipokuwa unatubu ulikuwa bado unalitoa.

Ceiteag

*

Kwa wasomaji: jibu hili nilimpelekea kijana kwa posta mwezi wa pili, na sikukusudia kulichapa. Wiki iliyopita bibi mwenyewe alinipigia simu. Aliikuta barua yangu mezani, kijana ameiacha wazi makusudi kando ya siagi. Alisema mwezi wa tano hakuna atakayechimba. Lile swali la wapi ameshaulizwa, na bado anafikiri.

Nikamuuliza habari za mjukuu. "Wamemsimamisha mwaka," akasema. "Yuko hapa anamenya viazi, anamaliza nyama yote ya kiazi. Bado namsemesha Kiingereza. Lakini nimechoka nacho."

Kisha akaniambia niichape barua. Nikamuuliza, haogopi watu kumjua?

"Chapa, dada," akasema. "Tuko wengi."